Mabingwa wa Masumbwi Uani

Jogoo na Bata Mzinga hawakuwa na kazi ila kubishana nani bondia bora wa zama hizi.

"Mimi nimelaza majogoo saba," akasema Jogoo.

"Saba wagonjwa! Kifua hiki hukioni, kijana?"

"Naona shingo tu, mzee, imekunjamana kama soksi."

Mara Mwewe akashuka, akamnyakua kifaranga wa Kuku. Mabingwa wetu wakajitupa chini ya ghala, wakisukumana kugombea nafasi. Kuku akamrukia Mwewe, akamtwanga usoni mpaka akamwachia mtoto na kutoroka akivuja damu.

Mabingwa wakatoka, wakajikung'uta vumbi.

"Umejitahidi, mama," akasema Jogoo, "ila pambano hilo halihesabiki. Hapakuwa na refa."

"Wala hamkupimwa uzito," akadakia Bata Mzinga.

Ndiyo siku ya kwanza hao wawili kukubaliana.