Ruhusa Zote

Lori la tatu lilipoingia uani na viungio vilevile vya mabomba, mtunza ghala hakupiga kelele. Alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni kwa binti wa mwenye kampuni, kofia mkononi.

"Dada, kuna mji mpya tunaujenga, sisi wa chini hatujaambiwa?"

Binti alifungua mfumo wa oda kwenye kompyuta. Oda ilikuwa moja tu. Baba yake aliiidhinisha, kesho yake akaiidhinisha tena, kisha akaiidhinisha mara nyingine kana kwamba haijawahi kupita mbele ya macho yake.

"Urudishe mzigo," alisema. "Na usimwambie mtu."

"Mtu yupi, dada? Kila mtu anajua."

Jambo hilo lilimkuta binti katikati ya kazi nyingine ya kuchosha. Kwa miaka mingi, kila mfanyakazi mpya alikuwa akinakiliwa ruhusa za mfumo za jirani yake wa meza, na jirani naye alikuwa na za mtu aliyekwisha kuacha kazi, mpaka ikafika mahali mfagizi angeweza kubadilisha bei za koki. Sasa binti alikuwa anaunda profaili, fungu la ruhusa kwa kila kazi: ya ghala, ya mauzo, ya ununuzi. Profaili ni kama sare. Unaishona mara moja, anaivaa kila atakayeshika kazi ile. Tabu ni kwamba kila aliyevalishwa alikuja kulalamika inambana.

"Mzee mpe ya kutazama tu," kaka yake alisema bila kuinua macho kwenye simu.

"Kampuni ni yake."

"Na hasara je, ni ya nani?"

Akampa ya kutazama. Asubuhi iliyofuata Mzee alibonyeza palipoandikwa Idhinisha, yakatokea maandishi mekundu: Huna ruhusa. Akayasoma. Akayasoma tena. Akavaa koti lake, akashuka ngazi bila kumuaga mtu.

Tangu siku hiyo akawa wa nyumbani, na nyumbani hakukukalika. Alitoka bila kusema, akakutwa kwenye mageti ya watu akigombana na kitasa, akidai wamembadilishia kufuli. Ikabidi binti afanyie kazi mezani jikoni, sikio moja kwa wateja, jingine kwenye komeo la mlango. Kazi zikalala. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, na nguo zikaanza kumpwaya.

Ndipo alipoukumbuka upande wa mazoezi. Ulikuwa ndani ya mfumo uleule, wa kufundishia wageni wa kazi: sura ni ile, oda ni nakala za jana, ila ukibonyeza hakuna kinachotoka nje. Akaunda profaili yenye ruhusa zote, kuanzia bei hadi malipo, lakini inayofanya kazi huko tu. Akaiita Mwenyekiti, akaweka humo mtu mmoja.

"Baba, mfumo umetengenezwa," alimwambia. "Unaweza kurudi."

"Kwani ulikuwa mbovu?"

"Mbovu kabisa."

Mzee aliinuka. Kisha akauliza koti lake liko wapi.

Ofisi nzima ikaucheza mchezo ule. Mtunza ghala alichungulia kila asubuhi: "Mzigo wako umeshuka, Mzee." "Vizuri. Hesabuni kabla ya kusaini." Kaka alicheka siku za mwanzo, halafu akaacha, akawa anapita kumsalimia baba yake kama zamani.

Binti akarudi mezani kwake. Kazi zikaanza kusogea, lakini uchovu haukuondoka, ulibadilisha tu mahali pa kukaa. Uongo, hata ule wa heri, unataka kulishwa kila siku. Kila alipopita kwenye korido alichungulia kwenye mlango wa kioo: kichwa chenye mvi, mkono juu ya kipanya, kichwa kikiitikia, kidole kikibonyeza. Moyo ukatulia. Akaendelea na safari yake.

Kisha mtunza ghala akaja tena, na kofia yake mkononi.

"Dada, upande wa mazoezi umekufa? Wageni wangu hawafungui kitu tangu juzi."

"Tangu juzi haiwezekani. Jana tu nimemwona Mzee akiidhini..."

Hakumalizia. Alitembea upesi hadi mwisho wa korido, akaingia bila kubisha.

Mzee alikuwa amekaa wima. Mbele yake kioo cha kompyuta kilikuwa cheupe kitupu, na katikati yake maneno mawili: Hakuna mawasiliano. Aliyaangalia kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Akaitikia tena, akabonyeza.

"Baba."

"Funga mlango."

Akaufunga. "Baba, huu mfumo..."

"Najua." Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kupatana bei. "Nilijua siku ya kwanza. Niliagiza koki kwa nusu ya bei, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyenibishia."

Binti alivuta kiti cha wageni, akajibwaga. "Sasa kwa nini unakuja kila siku?"

Mzee aliondoa mkono kwenye kipanya, akamtazama: macho yaliyoingia ndani, shingo iliyokonda ndani ya kola.

"Nikikaa nyumbani, na wewe unakaa," alisema. "Haya, rudi kazini, mama. Ila ukipita hapo nje kuchungulia usikawie sana, kidole kinaniuma."