Siku za Kichwa

Siku ya nne tangu amkimbie mumewe, Nebahat alikuwa amelala kwa kaka yake, kafungwa vipande vya viazi kichwani kwa kitambaa kutuliza maumivu, akiomba mji mzima wa Antep, kule Uturuki, unyamaze walau saa moja.

Wapi! Gari la mitungi ya gesi lilipita likipiga wimbo wake. Likafuata la chuma chakavu. Watoto nao walikuwa wakipiga mpira kwenye mlango wa bati wa gereji, na kila shuti lilimwingia nyuma ya macho.

“Wifi, leo kuna nini huko nje?”

“Mbona ndivyo siku zote,” alisema Sabriye, mke wa kaka yake, huku akimbadilishia viazi. “Kwani kwenu hawapiti watu?”

“Nikiugua, hapiti hata paka.”

“Basi hamkai mtaani, mnakaa makaburini.”

Na kweli, alijiona kama aliyezikwa. Miaka kumi na moja sasa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Behçet, wa nadra: kinga ya mwili inawaka yenyewe pasipo kidudu chochote, vidonda vinatoka mdomoni, macho yanakuwa mekundu, na kichwa, ee Mungu, kichwa! Dawa zilipunguza, hazikumaliza.

Hayo yote aliyavumilia. Alichoshindwa ni kuachwa peke yake. Kila kichwa kilipoanza, mumewe Refik alifunga pazia, akamwekea maji pembeni, akavaa koti, akatoka. Hakurudi hadi jioni, masikio mekundu kwa baridi, au shingo imeungua na jua. Nebahat alibaki na ukimya ule, akilia chinichini, maana kulia kwa sauti kulimzidishia.

Alimuuliza mara moja tu anakwenda wapi.

“Nje hapo,” alijibu Refik. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Sabriye ndiye aliyemfumbua macho. “Siku zako za kichwa kibanda chake cha kufulia shaba kimefungwa, nimepita mwenyewe nikaona. Mwanamume anayetoka kila mkewe akiugua, mwenzangu, anakwenda kwa mwanamke mwenye afya.”

Wiki hiyo hiyo Nebahat akafunga mizigo. Refik hakumzuia. Alimbebea sanduku hadi chini. Hilo lilimuuma Nebahat kuliko vidonda vyote. Kesho kaka yake angempeleka kwa wakili kuanza mambo ya talaka, yaishe.

“Pilipiliii! Pilipili za kukaushaaa!”

Kipaza sauti kilikuwa chini kabisa ya dirisha. Nebahat akajikokota hadi pale, viazi vikimdondoka, akachungulia. Alimjua mwenye mkokoteni. Kila kiangazi hununua kwake.

“We Bekir! Nionee huruma, kichwa kinanipasuka!”

Bekir akainua uso, akazima kipaza sauti harakaharaka.

“Astaghfirullah! Dada Nebahat? Kumbe uko huku! Nisamehe, dada. Ningejuaje, na fundi Refik yuko kule?”

“Kule wapi?”

“Pale kwenye kona ya mtaa wenu, anaposimamaga siku zako za kichwa kutuzuia tusipite. Leo siku ya nne, tangu asubuhi mpaka jioni yuko pale. Nikamwambia, fundi, niachie njia, si mkeo ameondoka? Akasema, ‘Zunguka, Bekir. Huenda akarudi leo, na akirudi, kichwa kitakuwa kinamuuma.’”