Fulana Isiyofuliwa

"Tangu Alhamisi sina mtoto," mama alisema, hata kabla hajaketi.

Wakili alimvutia kiti. Hakumuuliza jina. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa msuluhishi wa migogoro ya kazini, akikaa katikati ya mabosi na vibarua waliotaka kung'oana macho, na huko ndiko alikojifunza kuandika majina mwisho. Ukianza na jina, alizoea kusema, umeshaanza kuchagua upande. Karani wake alimtania kwamba angeweza kuwakalisha paka na panya mezani wakatoka wameshikana mikono.

Lakini siku hizi alikuwa ofisi ya malalamiko dhidi ya polisi, na hapa hakuna aliyetoka ameshikana mkono na mtu. Mwaka huu pekee mafaili matatu yalikuwa yamefungwa kwa kukosa shahidi. Watu watatu walikuwa wamezikwa, na waliowaua walikuwa bado wanapiga doria.

"Alhamisi ndiyo siku ya mgomo wa kiwanda cha magodoro," alisema.

"Ndiyo hiyo. Mwanangu alikuwa pale getini tangu asubuhi. Mawe yakaanza kurushwa. Moja likampata sikioni."

"Pole sana, mama."

"Hilo halikuwa kitu, wakili. Andika."

Akasimulia bila kupandisha sauti, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Wafanyakazi walikamatwa kumi na wawili. Kufika jioni wote walikuwa wameachiwa, isipokuwa mmoja. Huyo aliingizwa chumba cha nyuma cha kituo, kile zinamowekwa pikipiki mbovu, akafungwa mikono kwenye bomba la maji.

"Askari alianza na mkanda. Ulipokatika, akachukua mnyororo wa pikipiki. Kijana alitema meno mawili, yakadondokea kwenye beseni la oili chafu. Akaomba maji. Askari akamwambia, 'Kaombe kwa chama chenu cha wafanyakazi.' Wenzake wakacheka. Akampiga magotini mpaka miguu ikakataa, akabaki ananing'inia kwenye bomba kama koti. Ndipo akahamia kichwani. Mara tatu. Pigo la tatu lilitoa sauti nyingine."

"Sauti gani?"

"Ya chungu kikipasuka. Halafu wakambeba wakamtupa barabara ya kiwanda, waseme ni gari."

Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Wakili aligeuza ukurasa. Alikuwa ameona kwamba kila alipofika kwenye kipigo, mama aliacha kusema "mwanangu", akasema "kijana". Wafiwa hufanya hivyo, alijiambia. Ulimi hukataa.

"Nani aliyekusimulia haya yote?"

"Aliyekuwemo mle ndani."

"Atakubali kuyasema mahakamani?"

"Hatakubali. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Wakili alishusha pumzi. Maneno ya kusimuliwa yangechanwachanwa na mawakili wa upande wa pili kabla ya saa ya chai. Alihitaji kitu cha kushika mkononi.

Mama akafungua mfuko wa plastiki, akatandaza mezani fulana nyeupe. Damu ilikuwa imekauka kifuani, madoa na michirizi, rangi ya kutu.

"Hii ndiyo aliyokuwa amevaa?"

"Ndiyo aliyokuwa amevaa. Miaka yote nguo zake nafua mimi. Hii sikuifua."

Hospitali huwarudishia ndugu nguo za marehemu katika mifuko kama ule, kwa hiyo wakili hakuuliza zaidi. Aliandika: *Fulana moja, ina damu, haina mpasuko.* Akapiga mstari chini yake.

"Mama, nisikufiche. Watakuja kwako. Watakuja na vitisho, au watakuja na upole."

"Wameshakuja. Wawili. Wakavua kofia, wakaniita mama, wakanywa chai yangu."

"Chai yako! Wakasemaje?"

"Kwamba nimfikirie mwanangu."

Wakili aliuma meno. Alikuwa ameona ukatili wa kila namna katika kazi hii, lakini kumlainisha mama kwa jina la mtoto wake namna ile kulimchemsha damu.

"Sheria inanilazimisha nikuulize. Ungependa suluhu? Ninaweza kuwaita mkazungumza."

"Suluhu ya nani na nani, wakili? Mmoja amekufa."

"Ukisaini hapa, hakuna kurudi nyuma. Utasimama kizimbani na yule askari akikutazama usoni. Mtaani kwako wengine hawatakusalimia tena."

"Nipe kalamu."

"Kwanza tujaze majina. La askari unalijua?"

Aliyataja majina yake yote matatu bila kukwama, na cheo, na namba ya kazi. Wakili nusura acheke kwa furaha. Walalamikaji wengi hawakumbuki hata sura. Sasa hili faili halingefungwa. Hili lingefika mbele ya jaji.

"Na la marehemu?"

Mama aliivuta ile fulana, akaanza kuikunja.

"Silijui, wakili. Nilimuuliza mwanangu. Anasema hakumuuliza."

Mwanawe, yule askari, yuko rumande sasa, anasubiri hukumu. Kila Jumatano, siku ya kutembelea mahabusu, mama hukaa kwenye benchi mpaka kengele ilie, na mwanawe hatoki kumwona.