Majirani wa Fundi Viatu

"Karibu, dada," kinyozi aliitikia kutoka ndani, kabla hajafungua mlango.

Dada alibaki na mkono hewani. Alikuwa amepiga hodi mara moja tu. Hakusema yeye ni nani wala anatoka wapi, na katika jengo lile alikuwa na siku mbili.

Mdogo wake, fundi viatu, aliishi ghorofa ya tatu kwa miaka sita. Alifariki Jumapili kwa ugonjwa wa kifua, akakutwa Jumanne. Wanaume wa ukoo ndio waliomfuata, wakamrudisha nyumbani kumzika. Mwezi ulipopita, dada alichukua funguo akaja kuhamisha vyombo. Vilikuwa vichache, vya kujaza mkokoteni mmoja. Lakini hakuja kwa ajili ya vyombo. Alitaka kuwajua majirani. Alitaka kumtazama usoni mtu aliyetenganishwa na mdogo wake kwa ukuta mmoja, akamsikia akikata roho, akaendelea na shughuli zake. Akishamjua, angemwambia maneno ambayo asingeyasahau.

Ukuta wenyewe ulikuwa kama karatasi. Akikaa kwenye kitanda cha marehemu, alisikia hata kijiko kikikoroga chai upande wa pili.

Kinyozi alimpa kiti. Alimsifu marehemu, akainua mguu kuonyesha soli aliyoshonewa, akatania kwamba soli ile ingemzika na yeye. Dada alipouliza habari za ile Jumapili, kinyozi aliacha kucheka, akaanza kufuta mkasi ambao haukuwa na uchafu.

"Mambo ya siku ile wewe unayajua kuliko sisi, dada," alisema polepole.

Mama wa mlango wa mkabala naye alimwitikia kama mtu aliyemzoea. Alimpa pole huku akitazama sakafu, kisha akasema ana kitu jikoni. Dada hakusikia harufu ya chochote kilichokuwa jikoni. Watu hawa wana hatia, alijiambia, na wanajuana.

Ukabaki mlango mmoja, wa bibi na mumewe waliokuwa nyuma ya ule ukuta.

Bibi alimkalisha, akamshika mkono, wala hakuuachia. Mzee aliinuka bila kusalimia, akaenda chumbani. Dada alikuwa na maneno yake tayari kooni.

"Mlimsikia?"

"Tulimsikia, mwanangu. Alikohoa tangu asubuhi."

"Na hakuna aliyekwenda kugonga."

Bibi alisema mzee alitaka kwenda. Alikuwa ameshavaa ndara, ameshika kitasa, na yeye ndiye aliyemrudisha. Mtu akiwa na ndugu yake ndani, jirani haendi kuwaingilia.

"Sauti yako tunaijua," bibi alisema. "Kila Jumapili tulikusikia ukimpa habari za nyumbani. Siku ile ulimwambia, 'Usiogope, mdogo wangu, dada yako nipo.' Ukarudia, ukarudia maneno yaleyale, mpaka jioni akanyamaza. Nikamwambia mzee, kaa, kijana amelala, yuko na dada yake."

Vidole vyake vilikaza mkono wa dada.

"Jengo zima linajiuliza, mwanangu, mimi tu ndiye ninayethubutu kusema. Uliwezaje kuondoka ukamwacha pale siku mbili, bila kutugongea?"

Maneno yale dada aliyasema mara moja tu, akiyarekodi kwenye simu ili amtumie, jikoni kwake, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka ukuta ule.