Pimbi na Kinu Kilichozimwa

Yasemekana nusu ya umeme wa nchi ya wanyama ulitoka kwenye kinu cha nyuklia, na Kakakuona ndiye aliyekipoza kwa maji. Jirani yake, bibi Pimbi, alikiogopa kupindukia. Akapita nyumba kwa nyumba: "Shoga, lile dude litatuunguza!"

Hofu ikaenea, kinu kikazimwa, Kakakuona akafukuzwa kazi. Nusu ya nchi ikawa giza, Pimbi akalala fofofo.

Alfajiri akasikia kinu kikinguruma, akakiona kikifuka mvuke. Akamkimbilia Kakakuona.

"Mzee wangu, si kilizimwa?"

"Kuzimwa si kupoa, bibi wewe. Maji anamimina nani?"

Pimbi akageuka kukitazama kinu: hapakuwa na mtu.

"Basi shika ndoo."

Mpaka leo Pimbi anamimina, akipoza kinu kisichowasha hata taa yake.