Kidaftari Chenye Vibonye Vikubwa

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1984, Pelagia, mkunga wa Sikonge, aliwekewa mezani vidaftari viwili vya elektroniki ili achague kimoja. Mdogo wake wa kiume alikuwa amevileta kutoka masomoni Ulaya.

"Hiki chembamba hulia saa uliyokipangia, dada. Hutamsahau mgonjwa."

"Sijawahi kumsahau mgonjwa," alisema Pelagia, akimtazama midomo. Akakiinamia kile kinene, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kilichokaushwa na sabuni ya zahanati. "Hiki kina vibonye vikubwa. Hata aliyesoma kisomo cha watu wazima ataweza kuniandikia."

"Akuandikie nini? Si akwambie tu?"

Pelagia alibonyeza herufi nyingine, bila kuinua macho. Mdogo wake alikichukua kile chembamba, akakiliza karibu kabisa na sikio la dada yake. Kililia kwa ukali kama nyenje. Pelagia aliendelea kubonyeza.

"Hodi," mwanamume aliita uani. "Hodi, mama mkunga. Mke wangu ameshikwa na uchungu."

Kijana alielewa kwa nini dada yake alikuwa akificha kwamba hasikii. Mkunga asiyesikia hodi angeondolewa kazini.

Utotoni, yeye alipokuwa na kigugumizi, Pelagia ndiye aliyewaitikia wageni wote kwa niaba yake, ili asichekwe.

"Karibu," kijana aliitikia kwa sauti kubwa. Kisha akamgusa dada yake begani, akangoja mpaka alipoinua macho.

"Kuna mwanamke ameshikwa na uchungu, dada. Chukua mkoba. Twende wote, nitakusikilizia."