Uzi wa Sweta la Marehemu

Sweta la marehemu mwanawe halikumwingia Mwatumu, na ndilo pekee lililobaki na harufu yake. Basi akalifumua, ajifunze kufuma skafu ya kujivika shingoni. Uzi ukatoka umejikunjakunja.

“Hivi haufumiki, mwenzangu,” alisema jirani yake, Bi Zaituni, aliyekubali kumfundisha. “Lazima unyooke kwanza.” Kabla Mwatumu hajafungua mdomo, uzi wote ulikwisha kutumbukizwa kwenye beseni la maji moto ya sabuni.

Kesho yake Bi Zaituni aliuanua kambani, akamletea. “Haya, tuanze. Umekuwa kama mpya.”

Mwatumu akauweka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Bi Zaituni alikuwa bado amemnyooshea sindano mbili, akingoja mkono wa kuzipokea.